Jogoo na Alfajiri

Wahenga walinena: awike asiwike, kutakucha. Methali hii aghalabu hutumiwa kumshusha mwenye kujikweza, lakini ndani yake mna kanuni nzito ya elimu. Kila alfajiri jogoo huwika, na jua huchomoza. Mawili haya huandamana daima, wala la kwanza silo lililolizaa la pili. Mhenga alilijuaje hilo? Siri imo katika neno moja: "asiwike". Aliifikiria pia siku ambayo jogoo yu kimya.

Wachunguzi wa maradhi waliona kwamba watu walao kwa wingi mboga na matunda yenye beta-karotini, ile rangi ya karoti na embe, hawapatwi sana na saratani ya mapafu. Ikadhaniwa kuwa kinga imo katika rangi hiyo. Mwaka 1981 Richard Peto na wenzake waliipa dhana hiyo uzito katika jarida la Nature, lakini wakahimiza ipimwe kwanza.

Ikapimwa Ufini. Wanaume wavuta sigara 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa kura: nusu wapewe vidonge vya beta-karotini, nusu wasipewe. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa ndio waliougua zaidi. Saratani ya mapafu ilizidi kwao kwa asilimia 18. Jaribio jingine, la Marekani, lilisitishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, baada ya kuonesha madhara kama hayo. Yamkini mla mboga alikuwa pia havuti sana, au ana maisha yenye nafuu. Rangi ile ilikuwa jogoo tu; alfajiri ilitoka kwingine.

Hapa ndipo linapozuka swali la maadili. Je, nia njema humtoa mtu lawamani? Atoaye dawa kwa kudhani huenda moyo wake u safi, lakini mwili unaobeba hatari si wake. Kwa hiyo shaka si kinyume cha huruma, bali ni sehemu yake. Waliopima waliwadhuru baadhi, na hilo halifichiki. Lakini ambaye angegawa bila kupima angewadhuru wengi zaidi, wala asingejua.

Hata hivyo, shaka nayo hutumiwa vibaya. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoonesha huko Uingereza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, wenye kampuni za tumbaku waliishika hoja hiyohiyo, kwamba kuandamana si kusababisha, wakaifanya ngao ya biashara yao kwa miaka mingi. Waliendelea nayo hata ushahidi uliposimama kwa njia nyingi: aliyevuta zaidi aliugua zaidi, na aliyeacha hatari yake ilipungua.

Basi mwadilifu ana wajibu wa pande mbili: asimpe jogoo sifa ya jua, wala asikane kuwa kumekucha kwa sababu tu mwanga haumfai.