WAKILI ASIYEFUATA IDHINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Amma baada ya hayo: kuweka wakili ni jambo lililoruhusiwa katika sharia. Sayyidna Ali (r.a.) alichukia kuhudhuria ugomvi wa mahkamani, akamweka nduguye Akil amsimamie, na Akil alipokuwa mzee, akamweka Abdalla bin Jaafar, mtoto wa nduguye. Walakini wakili ni mkono wa mwenyewe, na mkono haushiki ila alichokusudia mwenyewe.

Natutazamwe mfano wa Zaid na Amri, kama ilivyo ada ya wanavyuoni. Zaid amesafiri kwa chombo, akamwachia Amri daawa ya shamba lake la minazi amtetee mbele ya Kadhi. Amri akaona daawa yarefuka, akasuluhishana na hasimu wa Zaid kwa kumpa nusu ya shamba. Zaid aliporudi akakuta mipaka mipya imekwisha wekwa. Amri akamwambia, “Nimekufanyia la heri.” Je, nusu ile imekwenda?

Jawabu: haikwenda. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyewekwa kutetea hana ruhusa ya kusuluhisha, wala kusamehe, wala kukiri deni juu ya mwenyewe, ila apewe idhini ya jambo hilo. Akipita mpaka huwa ni fudhuli, yaani mwenye kutumia mali ya mtu bila amri yake. Na kauli yenye kutegemewa ni kuwa mapatano ya fudhuli ni batili tangu asili. Hanafi na Maliki husema kuwa hungoja, mwenyewe akiridhia hupita, na akikataa huvunjika. Basi wote wamekutana hapa, kuwa asiporidhia mwenyewe hakuna kilichopita; kwani katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza kula mali kwa batili, akahalalisha biashara ya kuridhiana.

Huenda Amri akatoa hoja ya hadithi ya Urwa iliyo katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari 1 anunue mbuzi, akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari, naye akaombewa baraka. Wanavyuoni wa Kishafii wamejibu kuwa yamkini alikuwa na uwakili usiofungwa. Na zaidi ya hayo, Urwa alirudisha vyote, wala hakuficha kitu. Amri amerudisha nini, ila shamba lililopungua?

Yampasa Zaid afanye haya. Kwanza, akatae upesi na mbele ya mashahidi. Kwani kunyamaza si idhini, lakini anyamazaye mwaka mzima huipa nguvu hoja ya hasimu wake. Pili, asipokee chochote kilichotokana na suluhu ile. Tatu, amuuzulu Amri, na amjulishe hasimu pia. Nne, apeleke jambo kwa Kadhi bila ya matusi. Na Amri, kwa kuwa amevuka mpaka, si amini tena katika alichokitoa, bali ni mdhamini: kikipotea atalipa.

Na bora kuliko dawa ni kujikinga. Mwenye kuweka wakili na aandike: amemruhusu nini na amemkataza nini, na kama aweza kusuluhisha au hawezi, kisha ashuhudishe. Haja hii ni kubwa zaidi katika mahkama za serikali, ambako sahihi ya wakili huweza kumfunga mwenyewe.

Na kila wakili akumbuke kuwa nia njema haihalalishi mali ya mtu. Aliyeaminiwa akaona njia iliyo bora, kazi yake ni kuuliza, si kukata shauri.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wenye kutimiza amana. Wallahu aalam.