Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: Ukimfungia mlango, riziki yake iko mikononi mwako



Ndugu zangu, mama zetu na vijana wetu, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya 19. Leo naomba mnivumilie kidogo. Maneno ya leo yametokana na swali la mtoto, na yamenichoma mimi kabla ya kumchoma mtu mwingine.

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa chuoni nikiwasomesha watoto hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Mnaijua, imo katika Bukhari na Muslim. Mtoto mmoja, miaka tisa hivi, akanyanyua mkono. "Maalim, kwani alimpiga?" Nikamwambia la, hadithi haisemi kwamba alimpiga. "Alimchinja?" La. "Sasa kosa lake hasa ni nini?"

Nikajibu vile tunavyojibu siku zote, kwamba alimtesa. Lakini swali likanifuata hadi nyumbani.

Tuiangalie vizuri hadithi yenyewe. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba mwanamke yule alimfungia paka, hakumlisha wala hakumnywesha, na wala hakumwachilia ajilie wadudu wa ardhini. Kwa hivyo kosa si kufuga paka. Swahaba mkubwa Abu Hurayra (r.a.) hata jina tunalomjulia ni la paka. Na asiyefuga paka pia hana kosa. Kosa ni kuyakusanya mawili: kumfungia kiumbe mlango wa riziki ambao Mola wake alimfungulia, kisha wa kwako usimfungulie.

Sisi tumefunga tangu alfajiri, na njaa tunaijua. Lakini njaa yetu ina saa yake. Muadhini akiadhini, tende iko mkononi. Aliyefungiwa hana Magharibi.

Sasa niwaambie kwa nini swali lile lilinichoma.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu alileta nyumbani paka mdogo jike. Nikakubali, maana mtoto alifurahi. Tukamlea kwa mabaki ya wali na vichwa vya samaki, akalala kwenye daka kama mtu wa nyumbani. Akazaa mara ya kwanza, tukawagawa watoto kwa jirani. Akazaa mara ya pili, watano, na jirani wote wakawa wameshapewa. Nyumba ikaanza kunuka. Mama watoto akalalamika, na alikuwa na haki. Usiku mmoja baada ya Isha niliwatia wale watoto kwenye boksi, nikatoboa matundu wapate pumzi, nikawapeleka soko la samaki nikawaacha pale. Njiani nikajiambia: "Mimi sikuwafungia. Nimewaachilia. Riziki iko kwa Mungu."

Asubuhi baada ya Alfajiri nilipita. Wawili walikuwa chini ya meza ya samaki, wamejikunyata. Watatu sikuwaona, na sikuwatafuta sana. Mama yao alilia nyumbani siku tatu, akizunguka vyumba. Binti yangu akaniuliza, "Baba, wako wapi?" Nikamwambia wamepata nyumba nyingine. Nilimdanganya mtoto, nami ndiye maalim wake.

Na hadithi ya paka nilikuwa nimeshaisoma juu ya mimbari, si mara moja.

Ndugu zangu, pale nilipojiambia "nimewaachilia," nililitumia neno la Mtume (s.a.w.) kujifichia. Kumwachilia kulikotajwa kwenye hadithi ni kumwacha mnyama aende akale. Ni kwa yule mwenye uwezo wa kujitafutia. Mtoto wa paka wa wiki tatu bado ananyonya. Hata paka mkubwa aliyelelewa ndani, anayeletewa sahani kila siku, hakufundishwa kupigania kichwa cha samaki na paka wa sokoni. Ukimtoa mtu kwenye nyumba uliyomzoesha ukamwacha njiani, hukumpa uhuru. Umemtupa. Mlango wa kwanza niliufunga mimi nilipomleta nyumbani, na wa pili nikaufunga mimi nilipomtoa.

Na hili si jambo la hisia tu. Katika fikihi yetu ya Kishafi, matumizi ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, chakula na maji yake. Akikataa, kiongozi ana haki ya kumlazimisha amlishe au amuuze, na akiwa ni mnyama wa kuliwa, amchinje. Hata kumkamua maziwa mpaka mtoto wake akose, kumekatazwa. Wanazuoni hawakuandika mambo haya kwa sababu walikuwa na nafasi ya kuchezea. Waliyaandika kwa sababu walijua siku ya Kiyama kuna kuulizwa.

Tena tazameni namna Mtume (s.a.w.) alivyofanya. Aliingia katika shamba la Ansari mmoja, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona akaguna na machozi yakamtoka. Mtume akamfuta nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha jambo la kwanza aliuliza ngamia yule ni wa nani. Akaja kijana wa Kiansari, akasema ni wake. Akaambiwa kwamba mnyama wake amemshtakia: unamwacha na njaa na unamchosha kwa kazi. Yamo katika Abu Dawud. Mtume alimtafuta mwenyewe kwanza.

Hapa sasa ndipo nataka tusimame, maana swali linalofuata ni gumu zaidi. Je, wale wasio na mwenyewe? Hapa Lamu tunao wengi. Paka kwenye vichochoro, paka msikitini, punda mzee aliyeachwa pwani kwa sababu hawezi tena kubeba mchanga. Ukiuliza ni wa nani, kila mtu anamtazama mwenziwe.

Jibu langu ni hili, na nalitoa kama mfano, si fatwa. Mnyama wako mwenyewe ni kama fardhi ain: hakuna wa kukubebea. Mnyama asiye na mwenyewe ni kama fardhi kifaya: wakisimama baadhi yetu, wote tumesalimika, na tukikaa sote, dhambi ni yetu sote. Kituo cha kuhifadhi wanyama ndio wale baadhi waliosimama kwa niaba yetu.

Wenzetu wa zamani walilijua hilo. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliweka wakfu wa bustani karibu na msikiti wake, kaskazini mwa Cairo, kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe. Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo katika karne ya 19, aliandika kwamba bustani ile ilishauzwa na kuuzwa tena, na mapato yake yamebaki kidogo sana. Lakini kadhi, kwa kuwa ndiye msimamizi wa wakfu, bado alikuwa akiletewa vyakula kila Alasiri mbele ya mahakama, na paka wakija kula. Wakfu ulichoka, lakini amana haikusahauliwa.

Na Lane aliandika jambo jingine ambalo nilipolisoma nilijiona mimi na boksi langu. Watu wa Cairo waliotaka kuwaondoa paka wao waliwapeleka kwa kadhi wakawaacha pale. Yaani ile sadaka ya sultani kwa wasio na mwenyewe, wenye wanyama wakaifanya jaa la kutupia majukumu yao.

Nasi tusifanye hivyo. Hospitali ya punda ya shirika la The Donkey Sanctuary imefunguliwa hapa mjini tangu 1987, inatibu punda wetu bila kumtoza mwenyewe. Tushukuru. Lakini dawa ya bure haikupi ruhusa ya kumpakia punda mpaka mgongo uchubuke, ukisema "watamtibu." Vivyo hivyo kwa kituo cha paka. Nilipokwenda kituoni kuulizia wale niliowaacha, mhudumu aliniambia kwa upole, "Maalim, maboksi kama lako tunayapata kila wiki." Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Najua mwingine hapa anasema: Maalim, kuna watu hawana futari, wewe unatuambia paka? Ni swali la haki. Mwanadamu mwenye njaa anatangulia, na jirani yako akilala bila kula usinitaje mimi kama hoja. Ndiyo maana naomba tuelewe vizuri: zakaa na zakatul fitri haziendi kwenye kituo cha wanyama. Zakaa ina watu wake wanane katika Suratut Tawba, na wote ni wanadamu. Fidia ya saumu pia ni ya maskini. Kinachokwenda kituoni ni sadaka ya hiari. Lakini tuseme kweli pia: kichwa cha samaki kinachotupwa baharini hakikuwa futari ya maskini, na shilingi hamsini ya soda hatukuwa tukimpa yatima. Tusimtumie maskini kama kisingizio cha kumnyima paka, kisha wote wawili wakakosa.

Mwingine atasema: lakini mbwa si ni najisi? Ndiyo, katika madhehebu yetu ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya chombo chako na nguo yako. Si ruhusa ya kumpiga mawe wala kumtilia sumu. Yule mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa, alimnywesha mbwa huyohuyo. Na masahaba walipouliza kama tuna ujira kwa wanyama, jibu lilikuwa kwamba katika kila kiumbe hai kuna ujira.

Basi tufanye nini? Machache tu:

1. Kabla hujamleta mnyama nyumbani, jiulize ni nani atamlisha ukisafiri, na watoto wake watakwenda wapi. Huna jibu? Usimlete. Kutofuga si dhambi.

2. Ukifuga, maji safi kila siku, kivuli, na matibabu. Mpige chanjo ya kichaa cha mbwa, na mbwa wa ulinzi ndio wa kwanza. Ugonjwa huu dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa na mnyama aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali hapohapo, asingojee kesho.

3. Kuhusu kumfunga paka kizazi, wanazuoni wametofautiana. Wapo walioizuia, na wapo wa zama hizi walioiruhusu paka wanapozidi na kuleta madhara, kwa sharti asiteswe. Muulize shekhe unayemwamini, kisha umuone daktari wa mifugo. Kuwatupa watoto wa paka, hilo halina tofauti ya wanazuoni ya kujifichia.

4. Kwa kituo, toa unachoweza: mchele, samaki wa bei ya chini, magunia na taulo kuukuu, au saa moja ya mikono yako. Vijana wa mapumziko ya shule, hii ni kazi yenu.

Mimi nilimuuliza shekhe wangu, kisha nikampeleka yule paka wetu kwa daktari. Bado yuko, amenenepa. Wale watatu sikuwapata. Na jana usiku, baada ya Tarawehe, nilimwambia binti yangu ukweli. Sasa ana miaka kumi na miwili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na kesho tunapeleka nini kituoni?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tutaanza na vichwa vya samaki.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa yale tuliyoyafungia milango kisha tukajisahau. Tupe huruma kwa walio chini ya mikono yetu, ili nawe utuhurumie sisi tulio chini ya uwezo wako. Zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho inshaAllah, na msinisahau katika dua zenu wakati wa kufuturu.