Siku Saba za Miriamu

Kitabu cha Hesabu sura ya 12 chasema Miriamu, mwenye ukoma, alifungiwa nje ya kambi siku saba. Na taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa.

Ebola ilipotangazwa kwetu Kivu Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, tulikatazwa kuosha wafu wetu. Iliuma sana! Wengi tulitii, maana maiti huambukiza. Lakini tarehe 26 Desemba, Tume ya Uchaguzi, ikitaja Ebola na usalama, iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019. Masoko yalikuwa wazi, makanisa vilevile. Amri ya kwanza ilizuia kifo; hii ilizuia nini? Januari Rais aliapishwa. Taifa likasafiri, sisi tungali nje ya kambi.