Kosa la nani, mama asipozaa?

Miaka mitano baada ya arusi, watoto hakuna. Watu wa ukoo wanakutana, na neno la kwanza ni hili: kosa ni la nani? Sisi twaona kwamba swali hilo limepotea njia tangu mwanzo, kwa maana lachanganya sababu na hatia. Mvua ikibomoa nyumba, sababu iko. Lakini nani ataishitaki mvua? Hatia yataka mtu aliyejua na aliyetaka.

Tutwae ugonjwa mmoja, ambao waganga wa hospitali wauita endometriosi. Ndani ya nyumba ya uzazi mna utando laini, ambao kila mwezi unanenepa, kisha unabomoka na kutoka pamoja na damu. Katika ugonjwa huu, nyama inayofanana na utando ule yaota mahali pasipo pake: penye vifuko vya mayai, hata juu ya matumbo. Yaleta maumivu makali, na makovu yake yaweza kushikamanisha viungo na kuzuia mimba. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu karibu wanawake 10 katika 100 wa umri wa kuzaa. Wengi wao wanazaa, wengine hawapati.

John Sampson, mganga wa Marekani, aliandika mwaka 1927 kwamba damu ya mwezi hurudi nyuma kwa njia ya mirija na kupanda mbegu za ugonjwa tumboni. Lakini kumbe, damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi, wala hawaugui! Basi, mbona huyu na si yule? Wenye elimu wakawatazama askari wa mwili, ndizo chembe nyeupe za damu. Kwa wagonjwa, askari wengine wanaonekana walegevu. Wengine, badala ya kusafisha, wanachochea uvimbe na kuisaidia ile nyama kuota. Tena kila chembe ina jeni, kama maagizo yaliyoandikwa kitabuni: mengine yanasomwa, mengine yananyamaza. Kwa wanawake wenye ugonjwa huu wasiopata mimba, maagizo ya askari hao yameonekana mara nyingi kusomwa kwa namna nyingine. Kama hiyo ni sababu ya ugonjwa ama ni tunda lake, wangali wanabishana.

Haya, mama huyo ametenda nini? Nani kati yetu anaamuru chembe za damu yake?

Lakini tunaogopa jambo lingine. Zamani mfumu alitaja mizimu, kesho karatasi ya hospitali itataja jeni, na wakwe watasema: «Sasa tumehakikisha, ni yeye.» Hapo mfumu amebadili kanzu tu. Bwana atajibu kwamba alitoa mali ya ndoa ili apate watoto. Huzuni yake ni ya kweli, hatuicheki. Lakini alioa mtu, hakununua shamba. Na sheria ya Kanisa, kanuni 1084 ya kitabu cha mwaka 1983, yasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Tena mara nyingi upungufu uko kwake yeye mwenyewe, naye hajapimwa!

Ninyi wazazi, msichana wenu akilala chini kila mwezi kwa maumivu, msimwambie avumilie kama mama zake. Mpelekeni kwa mganga mapema. Na wewe bwana, bibi yako akienda kupimwa, nenda naye, ukapimwe siku ileile.