Kaa Chini Kwanza, Upige Hesabu

Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 14:28-30, 1 Wakorintho 9:24-27, Waebrania 12:1-2



Siku hizi ukitoka kwa ploti saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hata mama wa chapati hajawasha jiko, utapishana na watu wanakimbia. Wengine wanaelekea Baba Dogo, wengine wanatoka hadi Outer Ring washike Thika Road, na walio na nguvu wanafika Kasarani uwanjani na kurudi. Wengi wao ni wetu. Kuna vijana wa timu ya sifa, kuna kina mama wa maombi, na kuna mzee mmoja wa kanisa ambaye sitamtaja, lakini mkewe anacheka akisoma hapa. Wanajitayarisha kwa Nairobi Marathon ya Oktoba.

Wiki hii nimeulizwa maswali mawili kuhusu hizi mbio. Kijana mmoja ameniambia, "Pasta, nimejisajili kilomita 42 kwa imani. Niombee." Nikamuuliza amewahi kukimbia ngapi. Akasema kutoka steji mpaka nyumbani, siku mvua inanyesha. Halafu mama mmoja akanishika mkono baada ya ibada: "Pasta, hizo mbio ni Jumapili. Mmeruhusu watoto wetu waache nyumba ya Mungu wakakimbie barabarani?"

Maswali haya si ya michezo peke yake. La kijana ni juu ya imani na gharama. La mama ni juu ya nani anakaa kiti cha kwanza. Wacha tuyajibu.

KWANZA: IMANI HAIKIMBII BADALA YA MIGUU

Katika Luka 14 Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Angalia anafanya nini kabla ya kuchimba msingi. Anakaa chini. Anapiga hesabu aone kama pesa zitafika mwisho. Asipofanya hivyo, msingi utabaki hapo na majirani watamcheka.

Mimi nilisomea biashara, na nikifika hapo naona bajeti. Lakini huhitaji digrii kuelewa. Hapa mtaani kwetu tunazijua nyumba zilizofika kwenye lenta zikasimama, vyuma vimetoka juu vimeota kutu, na sasa ni kuku wanalala ndani. Mwenyewe hakukosa ndoto. Alikosa hesabu.

Sasa tupige hesabu ya marathoni. Urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Mkimbiaji wa kawaida anayetumia dakika 7 kwa kila kilomita atakuwa barabarani karibu saa 5. Kufika hapo bila kuumia, anayeanza anahitaji kama wiki 16 hadi 20 za mazoezi, siku tatu au nne kwa wiki. Kila wiki anakimbia safari moja ndefu, anaiongeza pole pole mpaka ifike kilomita 30 hivi, halafu wiki mbili tatu za mwisho anapunguza ili mwili upumzike.

Wiki ina saa 168. Toa kazi, hasa wewe wa shifti kule viwandani Baba Dogo. Toa matatu na foleni. Toa usingizi, watoto, na ibada. Kinachobaki ndio mtaji wako. Kama umebaki na saa tatu, mtaji huo haununui kilomita 42. Lakini kilomita 10 unanunua vizuri sana, na hakuna dhambi ndani ya kilomita 10!

Na mwili wenyewe una vitabu vyake vya hesabu. Unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Mtu akikimbia bila kujiandaa, akaanza kwa kasi kwa sababu umati unapiga makofi, ile akiba inakauka karibu na kilomita ya 30. Wakimbiaji wanasema amegonga ukuta. Miguu inakuwa mizito kama simenti, na bado kuna kilomita 12. Mfanyabiashara anaijua hali hiyo: duka limejaa bidhaa, lakini pesa mkononi imeisha na kodi ni kesho.

Kwa hivyo, kijana wangu, nitakuombea. Lakini nitakuombea uamke.

PILI: CHAGUA MBIO ZAKO, USICHAGUE ZA JIRANI

Waebrania 12:1 inatuambia tukimbie mbio zilizowekwa mbele yetu. Soma pole pole. Si mbio zilizowekwa mbele ya mtu mwingine.

Hizi mbio za Oktoba, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 2003, zina kilomita 42, zina 21, zina 10, na zina 5 za familia. Kuna Nairobi City Marathon, iliyoanza 2022, inayopita juu ya Expressway. Kuna Lewa, tangu mwaka 2000, ndani ya hifadhi ya wanyama. Kule ni vumbi na vilima, na wa kilomita 42 anazunguka njia ile ile mara mbili. Kila moja ina ada yake, safari yake na milima yake. Usichague kwa sababu rafiki yako ameweka picha ya medali kwenye status. Chagua ile ambayo mwili wako, saa zako na mfuko wako vinaweza kubeba.

Mwangalie Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Angeweza kukaa nyumbani na kulaumu waliomwacha. Badala yake alibadilisha umbali. Aprili 2013 akakimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Baadaye ikaja dhahabu ya Olimpiki Rio 2016, na nyingine kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021.

Wapendwa, sisi Wapentekoste tukiona mlango umefungwa tunaanza kukemea. Si kila mlango uliofungwa ni wa kukemewa! Mwingine Mungu anakuambia mbio zako ziko upande ule mwingine.

TATU: MEDALI INATAFUTWA MAHALI HAKUNA MTU ANAKUONA

Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji, hakutoa mfano wa mbali. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka miwili, kulikuwa na Michezo ya Isthmia, na mshindi alipewa taji la majani. Majani yananyauka. Paulo anawaambia: kama mtu anaweza kujinyima vyote kwa ajili ya majani, wewe unayengoja taji lisiloharibika unajinyima nini?

Kipchoge, mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kwa miaka mingi ameishi kambini Kaptagat. Anasafisha vyoo kwa zamu kama wenzake, na anaandika mazoezi yake ya kila siku kwenye daftari. Dunia iliona saa mbili za Vienna. Daftari zinajua miaka.

Kwa hivyo nyinyi mnaokimbia hapa Lucky Summer, chukueni haya ya kawaida kabisa. Kimbieni wawili wawili au kundi, hasa dada zetu, kwa sababu alfajiri bado ni giza. Asubuhi ambayo moshi wa jaa la Dandora umeshuka mtaani, usikimbie ndani yake. Ngoja upepo ugeuke, ama uende upande wa Kasarani. Raba za Gikomba si mbaya, lakini pinda soli uone kama bado ina uhai, na usivae mpya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Siku nyingi kimbia pole, kiasi cha kuweza kuongea na mwenzako. Siku ya kupumzika, pumzika. Na kama una presha, sukari au shida ya moyo, pitia kwa daktari kwanza. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Sasa geuza hayo uyaweke kwenye maisha ya kiroho. Kuna mtu hapa haombi Jumatatu, haombi Jumanne, Neno hafungui, halafu Ijumaa anakuja kesha anataka Mungu ammalizie kila kitu kabla ya saa kumi usiku. Ndugu yangu, huwezi kufidia wiki nne za uvivu kwa usiku mmoja. Hata mkimbiaji akijaribu hivyo anaumia goti. Dakika 20 kila asubuhi, kabla ya simu, zitakufikisha mbali kuliko kesha moja la kelele.

Na kuna mwingine ambaye, kwa moto wa ibada, alisimama akaahidi pesa za ujenzi ambazo hakuwa nazo na hakujua zitatoka wapi. Sasa akiona mhazini anavuka barabara. Mhubiri 5 inasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiitimize. Mpendwa, rudi. Kaa na mhazini, pigeni hesabu upya, anza na kile unachoweza. Hakuna atakayekucheka. Tunataka umalize.

NNE: NA JUMAPILI JE?

Yule mama hakosei. Ana sababu. Kijana wake mkubwa aliondoka kanisani hivyo hivyo: kwanza ilikuwa mpira Jumapili moja, halafu mbili, halafu ikawa ni Krismasi tu. Anapoona huyu mdogo ananunua raba, moyo wake unashtuka. Vijana, msimwite mama huyo mtu wa zamani. Anajua mlango ambao mtoto wake alitokea.

Biblia haisemi mazoezi ni bure. 1 Timotheo 4:8 inasema yana faida, ila faida ya utauwa ni kubwa zaidi. Na Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika. Mimi na Pasta mkuu tumekaa, na huu ndio msimamo wetu. Safari ndefu za mazoezi ni Jumamosi. Mtu asituambie kwamba Jumapili 18 mfululizo alikuwa anajitayarisha kwa Jumapili moja. Siku yenyewe ya mbio, wanaokimbia watakutana mapema waombewe, waende kama kundi la kanisa hili, na jioni warudi kwenye ibada ya jioni, hata kama watapanda ngazi kinyume nyume.

Na wewe mzazi, siku hiyo usikae nyumbani ukinung'unika. Nenda usimame kando ya barabara na chupa ya maji. Mtoto anayejua mama yake alimngoja kilomita ya mwisho hasahau njia ya kurudi nyumbani.

TANO: KUMALIZA, NA KUJUA KUSIMAMA

Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja mbele yake. Giza likaingia, watu wakaanza kuondoka, halafu Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine 18 walioanza naye hawakufika. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, haikumtuma kuanza tu.

Tunapenda kuhubiri habari hiyo, na ni nzuri. Lakini usimsahau Kipchoge yule yule, Paris 2024. Mgongo ulimuuma, na baada ya kilomita 30 akatoka kwenye mbio. Bingwa mara mbili, mbele ya dunia nzima, akakubali kwamba leo haiwezekani. Mwaka uliofuata alikuwa London, anakimbia tena.

Je, mmoja alikuwa na imani na mwingine hana? Hapana. Kuacha mbio za siku moja si kuacha mwito. Kifua kikibana, ukisikia kizunguzungu, simama na uombe msaada. Mungu hakuhitaji ufe kwa ajili ya fulana na medali. Na kama biashara yako ilifungwa, kama ulirudi nyuma, kama ndoto uliyoianza imekwama kwenye lenta, bado hujaacha mbio. Umeacha siku moja. Yule tunayemwangalia, Yesu, ameshafika mwisho, na hajaondoka kwenye mstari kwa sababu umechelewa.

KAZI YA WIKI HII

Chukua karatasi na kalamu. Kaa chini, kama yule mtu wa mnara. Andika jambo moja unalotaka kumaliza kabla mwaka uishe: mbio, deni, nadhiri, kozi, kusoma Biblia nzima. Chini yake andika gharama: saa ngapi kwa wiki, shilingi ngapi, nini utaacha. Kama gharama imekushinda, punguza umbali, usifute ndoto. Halafu mwonyeshe mtu mmoja kwenye ushirika wa nyumbani atakayekuuliza kila wiki umefika wapi.

TUOMBE

Baba, tusamehe kwa misingi tuliyochimba tukaiacha. Tupe akili ya kuhesabu na moyo wa kuamka. Walinde wanaokimbia alfajiri katika mtaa huu, wakienda na wakirudi. Wape wazazi amani, na uwarudishe watoto wao nyumbani. Na siku yetu ya mwisho, tukukute tukiwa bado njiani, tumekukazia macho wewe. Kwa jina la Yesu. Amen.