Ukuta Usioonekana na Haki ya Mwenye Kuamua

Je, jambo la kubuniwa lina wajibu wa kufuata kanuni? Wako watakaojibu upesi kwamba halina, maana aliyelibuni ndiye bwana wake. Jibu hilo naliona lina kasoro, nami nataka kulipima kwa mfano ambao huenda baadhi ya walimu wakaudharau: mfano wa mchezo.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika: huyu shujaa wa upanga, yule mchawi. Mmoja wao huwa msimamizi. Yeye hueleza mahali walipo, huwasemea maadui, na huamua pale kitabu kinaponyamaza. Mambo ya bahati huachiwa dadu. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 umo uchawi uitwao ukuta wa nguvu, nao umedumu hadi matoleo ya karne hii. Toleo la 2014 lasema kwamba ukuta huo hauonekani, unene wake ni robo ya inchi, na waweza kudumu dakika 10 mradi mchawi asipoteze umakini. Hakuna kitu cha kimwili kiupenyacho, wala pigo haliudhuru.

Sasa tuseme mchezaji amemzungushia mhusika wake ukuta huo kwa umbo la tufe lenye nusu kipenyo cha futi 10, apate kuokoka na adui. Msimamizi, kwa uchungu wa kuona mtego wake umezibwa, atamka: “Hewa imekwisha. Umekufa.” Je, mchezaji ana haki ya kulalamika?

Tupige hesabu kwanza. Tufe hilo lina mita za ujazo zipatazo 119, na katika hewa hiyo oksijeni ni kiasi cha lita 25,000. Mtu aliyetulia hutumia kama robo lita kwa dakika moja. Basi kwa dakika zote 10 hatamaliza hata lita 3. Ni kweli hewa haipiti, lakini iliyomo ndani yatosha na kubaki. Hukumu ile ni dhuluma.

Atatokea mtu aseme: “Mchezo si maabara. Anayekubali uchawi hana sababu ya kudai oksijeni.” Hoja hii ina uzito, lakini yasahau jinsi uchawi wenyewe unavyoelezwa. Kitabu hakikusema kwamba sheria zote za ulimwengu zimefutwa. Kimetaja zilizotanguka, na zisizotajwa zimebaki mahali pake. Anayeanguka juu ya ukuta huo huumia kama aliyeanguka juu ya mwamba, kwa kuwa kasi ni yake mwenyewe. Mchezaji alipochagua kujifungia alitegemea mambo hayo yaliyobaki. Ukimnyima hayo, umemnyima uchaguzi, na akili yake mezani haina kazi tena. Amekuwa mwombaji mbele ya mwenye kutoa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba fizikia peke yake ndiyo hakimu. Ukuta huo husimama pale ulipowekwa. Umesimama kwa kulinganishwa na nini? Hapa Uganda tunapitiwa na mstari wa ikweta, na katika mstari huo ardhi huzunguka kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Kama ukuta ungekataa kuifuata ardhi, ungetoweka machoni kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mchezaji aliyewaza hivyo alipoutaka. Kila aliyepo mezani ameelewa kwamba kusimama ni kusimama juu ya ardhi. Kumbe kinachomfunga msimamizi ni yale ambayo wote waliyaelewa wakati uamuzi ulipofanywa, na fizikia huingia kwa kuwa ni sehemu kubwa ya maelewano hayo.

Tena yako mambo ambayo maelewano hayayafikii. Mwanga hupita, ndiyo maana ukuta hauonekani. Je, sauti? Mmoja atasema kisichotikisika hakipitishi mtikisiko, kwa hiyo aliye ndani ya tufe atamwona mwenzake akiita na asimsikie. Mwingine atasema sauti si kitu cha kimwili, basi na ipite. Kitabu hakisemi. Hapo ndipo mamlaka ya msimamizi yanapoanza kwa halali, kwa masharti mawili: atamke kabla ya dadu kurushwa, na neno lake liwabane maadui anaowaongoza kama linavyowabana wachezaji. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukuta unaozuia sauti ya mchezaji na kupitisha amri ya adui si ukuta tena, ni upendeleo uliovikwa vazi la uchawi.

Nasi walimu twaketi katika kiti kinachofanana na hicho. Mwanafunzi aandikapo insha, maagizo yetu hayatamki kila kitu, naye huyajaza kwa yale tuliyoelewana darasani. Tukimkata alama kwa kanuni tuliyoizua baada ya kusoma kazi yake, tumemwambia kwamba hewa imekwisha ilhali tufe limejaa. Basi na tujiulize, kila tunaposhika kalamu nyekundu: je, ukuta huu aliomo mwanafunzi aliwahi kuambiwa kwamba upo?