Je, Yafaa Kudanganya Kidogo kwa Ajili ya Watoto?

Siku hizi masomo mengi ya parokia zetu huandika barua za kuomba msaada. Mwalimu, mkubwa wa masomo na komite ya wazazi hukaa pamoja, hutafuta shirika la kuwafadhili, hujaza karatasi za mradi. Kazi hiyo ni njema. Lakini ndani yake mna swali ambalo wengi huliruka, nasi twataka kuliuliza wazi: mtu anayewaombea watoto feza, ana ruhusa ya kutia chumvi?

Tuchukue masomo yaliyo karibu na Goma. Kila mtu wa kule anajua neno mazuku. Katika mabonde madogo na mashimo ya mawe ya volkano, upande wa Sake na kandokando ya ziwa Kivu, hutoka ardhini gazi iitwayo kaboniki. Haionekani kwa macho. Ni nzito kupita hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini kama maji katika bakuli, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima aliyesimama ukingoni anapumua vizuri. Mbuzi akishuka anaanguka, na mtoto anayemfuata mbuzi anaanguka naye. Kisha watu huanza kumtafuta mchawi.

Basi walimu wanataka watoto waelewe jambo hilo kwa macho yao wenyewe. Wanatia siki juu ya unga wa bikarbonati ndani ya jagi. Povu linachemka, gazi inajaa. Wanainamisha jagi polepole juu ya mshumaa unaowaka, bila kumwaga hata tone la siki, na mshumaa unazimika. Hakuna aliyeona kitu kikimiminwa! Mtoto aliyeshuhudia hayo haachi kuuliza maswali, na huo ndio mwanzo wa sayansi. Vitu vyenyewe si vya bei kubwa.

Sasa tuwatazame walimu wale wale wakiandika. Karatasi yauliza: ni watoto wangapi wasioelewa mambo ya sayansi? Hakuna aliyehesabu. Mmoja asema: «Mwalimu mwenzangu, andika 90 kwa mia, wafadhili wanapenda hesabu kubwa.» Wa pili ataka waombe kompyuta 20, kwa maana ndizo zinazopendwa huko Ulaya, umeme haujafika, lakini utafika. Wa tatu anashauri picha ya watoto wasio na viatu, na viatu vyao viwekwe kwanza nyuma ya ukuta. Kati yao hakuna mwizi. Kila mmoja anawawazia watoto, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu.

Tusiidharau hoja yao. Wanasema: masomo mengine yanatia chumvi na yanapata, sisi tukishika kweli, watoto wetu watabaki na ubao na chaki tu. Uongo huu haumwumizi mtu.

Augustino, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, cha kwanza karibu na mwaka 395. Hoja ya uongo wenye kusaidia aliijua sana, wala hakuikubali. Tomaso wa Akwino, aliyemfuata baada ya miaka mingi, alipambanua uongo wa mchezo, uongo wa kusaidia na uongo wa kudhuru. Ule wa kusaidia aliuona kuwa kosa dogo zaidi kuliko wa kudhuru, lakini kosa hata hivyo. Tena aliongeza neno linalowafaa sana waandishi wa maombi: mtu aweza kuificha kweli kwa busara, mradi asiseme uongo. Yaani barua ya mradi si kitubio. Hailazimiki kusimulia magomvi yote ya walimu. Lakini lililoulizwa lijibiwe jinsi lilivyo.

Na sisi twaona kwamba uongo ule hausaidii hata kidogo. Mwaka ujao mfadhili atauliza: na sasa wamebaki wangapi? Aliyebuni hesabu ya kwanza atalazimika kubuni ya pili. Mbaya zaidi, yeye mwenyewe hatajua kamwe kama mafundisho yake yamefaa kitu. Atawezaje kuwaambia watoto: «Msiseme kabla ya kupima,» naye hakupima?

Kuhesabu si kazi ngumu. Kabla ya somo la kwanza watoto waulizwe maswali machache. Mazuku huonekana? Hupanda juu au hulala chini? Ukimwona mwenzako ameanguka bondeni, utafanya nini? (Atakayejibu kwamba atakimbilia chini kumwinua, huyo ndiye wa kufundishwa upesi kupita wote.) Baada ya miezi mitatu waulizwe yale yale. Ikiwa watoto 22 kati ya 60 walijibu sawasawa, yaandikwe hayo, pamoja na kwamba ni darasa moja tu.

Lakini wako wanaoumizwa na uongo huo. Tangu 1959 watoto wa parokia za Ujerumani huvaa taji za wafalme wakati wa Epifania, hutembea nyumba kwa nyumba katika baridi ya Januari, wakiimba na kukusanya feza kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Viatu vilivyofichwa nyuma ya ukuta vinamdanganya mtoto huyo. Na nyumbani kwetu je? Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 hadi 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa, na wengi walisema ugonjwa ule ni biashara ya watu wanaokula feza za misaada. Mtoto aliyeambiwa avue viatu kwa ajili ya picha amejifunza kufikiri hivyo.

Basi kompyuta zingoje umeme. Ziombwe siki, bikarbonati, mishumaa, kabati yenye kufuli, na posho ya mwalimu iandikwe kwa jina lake, isifichwe chini ya neno «usafiri». Na kwa kuwa barua hizi mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa, ambacho wazazi wengi hawakisomi, isomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya komite yao, neno kwa neno. Pale watakapotazamana na kucheka, pafutwe. Ndipo mkubwa wa masomo atie sahihi.